Kuachia

Sangara wa alfajiri bado analegea,
ukimshika kichwa mkia unaning'inia kama khanga mbichi.
Wa jana usiku ni ubao.
Unamgonga kwa mpini wa kisu, anaitika ko, ko,
kama mlango wa jirani asiyetaka wageni.

Miaka tisa nakata minofu Igogo,
buti za mpira, barafu hadi vifundoni,
sikuwahi kuuliza ugumu ule unatoka wapi.
Nilidhani ni baridi.
Nilidhani kifo kikiingia ndivyo kinavyofunga madirisha.

Ni Nkwimba, mdogo wangu anayesoma Bugando,
Jumapili moja tukiparua mapanki uani,
mikono yake inanuka dawa, yangu inanuka ziwa.
Dada, akasema, ndani ya mnofu kuna kamba.
Nyembamba inaitwa aktini.
Kando yake nene, mayosini, imechomoza vichwa pande zote,
na kila kichwa shingo yake imekunjwa tayari,
mtego wa panya uliokwisha tegwa.

Neva ikipiga, kalsiamu inamwagika,
pazia lililoziba kamba linasogea,
kichwa kinashika.
Kinatema chembe ya fosfati, shingo inalala.
Hiyo tu, dada. Hiyo ndiyo nguvu.
Hatua yenyewe kama moja ya laki moja ya milimita.

Na gunia la dagaa analobeba Shigela pale Mwaloni?

Hiyo hiyo, mabilioni kwa mabilioni.
Na havivuti kwa mkupuo, hakuna wa kuvipigia haya-twende.
Hiki kinashika, kile kinaachia, cha tatu kinajikunja upya,
la sivyo gunia lingeshuka kila vikipumzika.

Nikauliza kama mtu wa sokoni:
wanalipwa saa ngapi, kabla ya kazi au baada?
Akacheka, akafuta gamba shavuni.
Hapo ndipo walimu wanapotukamatia.
Kila mtu anadhani ATP inalipwa ili kichwa kishike.
Kushika hakuhitaji senti mpya.
ATP ikifika, jambo lake la kwanza
ni kukibandua kichwa kwenye kamba.
Halafu inavunjika, shingo inakunjwa tena, safari nyingine.
Isipofika, kichwa kinabaki kimeshika.
Vyote vinabaki vimeshika.

Nikaweka kisu chini.

Baba alifia Mabatini usiku wa mvua.
Asubuhi wajomba walipokuja kumnyoosha
mkono wa kulia ulikataa,
umekamata pindo la shuka, vidole vimeingia ndani ya vidole.
Mama mdogo Limi akasema: huyu ana neno.
Wakahesabu madeni yake, wakahesabu ng'ombe wa Magu,
kisha wakanitazama mimi,
niliyenuniana naye mwezi mzima kwa ajili ya kiwanja.
Hakuna aliyesema kitu. Shuka wakalikata kwa mkasi.

Miaka sita nimelala na kile kipande cha shuka kichwani.
Na kumbe labda hakukuwa na neno,
kulikuwa na vichwa vidogo visivyohesabika
vikingoja mshahara wa kuachia
na mlipaji amekwisha funga duka.

Nkwimba alikuwa na miaka kumi na minne siku ile.
Alishika taa. Sikumuuliza kama anakumbuka,
naye alikuwa anaparua samaki yule yule
mahali pale pale, hadi mfupa ukang'aa.

Kesho yake jioni mkono ulifunguka wenyewe.
Tulikuta kiganja kimelala wazi, hakuna aliyeona saa ngapi.
Anasema ni kamba zenyewe zilizoanza kuoza.
Sawa. Kiwanja bado sijakiuza.

Leo zamu imeisha saa nane.
Vidole vimeganda kwenye mpini, kisu hakitoki.
Nimekaa juu ya kreti, naangalia mawe ya Kapripointi,
nakula kiporo cha ugali wa udaga kwa mkono wa kushoto,
tonge, tonge,
nalipa.